Plasta ya Mgongo

Kwa Benigna Nijimbere nyumbani ni Ulyankulu, hakuna pengine. Babu na bibi yake waliingia huko na wimbi la wakimbizi kutoka Burundi, wakapewa pori walifyeke. Baba yake alikulia katika tumbaku, na Benigna mwenyewe, kabla hajajua kusoma, alikuwa anaweza kulitazama jani likiwa bado shambani akasema hili limeiva, hili bado. Aliolewa na Reveriani, kijana wa kijiji cha pili, mrefu, mtaratibu, mtu wa maneno machache. Walijenga nyumba ya tofali za kuchoma na bani la kukaushia tumbaku, wakazaa watoto watano. Majirani wangekwambia kwamba ile ni nyumba yenye amani, na wasingekuwa wamekosea. Amani yenyewe ilikuwa ya watu wasioulizana mengi.

Mtoto wa tano, Eliya, nusura aondoke na mama yake. Benigna alijifungua salama, kisha damu ikaanza kutoka na haikukatika. Alipelekwa kituo cha afya akiwa hajitambui, akaongezewa damu, na alipopata nafuu mganga alikaa kitandani kwake akamwambia kwamba mwili umechoka, kwamba akishika mimba nyingine hatamuahidi kitu. Benigna aliitikia kwa kichwa. Alijua maana ya maneno yale. Asichojua ni afanye nini nayo.

Sindano ya uzazi wa mpango alishawahi kuchoma, baada ya mtoto wa pili, kwa siri. Ilimtia hedhi isiyokwisha, akaiacha. Vijiti vya mkononi aliviogopa kwa sababu ya Shukrani, jirani yake, ambaye mumewe alivigusa kwa bahati mbaya akimshika mkono, akauliza hivi ni vitu gani, na kabla ya mwezi kuisha Shukrani alikuwa amerudishwa kwao. Kitanzi alikisikia kwa wanawake kisimani, na yote aliyoyasikia yalikuwa mabaya: kinapanda hadi moyoni, kinamchoma mume.

Kumuuliza Reveriani hakukumjia akilini, na hilo lilikuwa na sababu yake. Reveriani alikuwa kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo ya kanisa. Siku moja, baada ya sala uani kwa mtu, mhudumu wa afya alipewa nafasi ya kusema juu ya uzazi wa mpango. Alipomaliza, watu wote waligeuka kumtazama kiongozi wao. Reveriani alikohoa kidogo akasema, "Watoto ni wa Mungu. Sisi kazi yetu ni kulea." Watu wakaitikia, mkutano ukafungwa. Benigna alikuwa amekaa mkekani, Eliya mapajani. Alilichukua lile neno akarudi nalo nyumbani kama jibu la swali ambalo hakuwahi kuliuliza, na tangu siku hiyo akaona mlango huo umefungwa.

Kwa hiyo wakawa wanafuata siku, kama walivyofundishwa kwenye semina ya ndoa. Lakini siku za Benigna hazikuwa na utaratibu tena tangu alipotoka damu, na kila mwezi alikuwa anaishi kama mtu anayesubiri hukumu.

Kiangazi cha mwaka uliofuata mama yake alifariki, na kwenye matanga alikuja dada yake, Flavia. Flavia alikuwa ameolewa katika familia iliyochukuliwa kwenda kuishi Marekani, na huko alikuwa anafanya kazi ya kutunza wazee. Alirudi amenenepa, amevaa miwani, lakini kilio chake kilikuwa kile kile cha watu wa kwao. Baada ya siku za msiba kupungua, dada hao wawili walikuwa wanaoga nyuma ya nyumba, na Flavia akaona jinsi mdogo wake alivyokonda, mbavu zinahesabika. Akamuuliza. Benigna akamwambia yote, ya damu, ya mganga, ya lile neno la jumuiya.

Flavia aliingia ndani akarudi na boksi dogo. Ndani mlikuwa na vibandiko vya rangi ya ngozi, vyembamba, vya mraba, kama plasta ya kidonda. Alimweleza kwamba unakibandika kiunoni au begani kwa nyuma, unakaa nacho wiki, unabadilisha. Wiki ya nne unapumzika, unaona siku zako, kisha unaanza tena. Dawa inaingia kupitia ngozi. Hakuna sindano, hakuna kitu cha kuingizwa, na ukitaka kuacha unabandua mwenyewe.

"Mimi nilipimwa kwanza presha ndipo daktari akaniandikia," Flavia alisema. "Na wewe upime kabla hujaanza. Niahidi."

Benigna akaahidi. Flavia akamwachia maboksi yote aliyokuwa nayo, akisema mwenyewe akirudi ataandikiwa mengine, na Benigna akiishiwa aende Tabora mjini, amtafute daktari, aonyeshe boksi, aandikiwe. Alilisema hilo kirahisi, kama mtu anayemwambia mwenzake apite dukani achukue chumvi. Kule aliko ndivyo ilivyokuwa.

Presha hakwenda kupima. Zahanati ilikuwa karibu, lakini nesi wa pale alikuwa anasali kanisa moja na wao, na Benigna aliogopa kuulizwa anapima kwa ajili gani. Flavia alipopiga simu kuuliza, alimjibu kwamba amepima na iko sawa. Kibandiko cha kwanza alikibandika kiunoni kwa nyuma, akavaa nguo, akatoka kwenda kupalilia. Mwezi ulipita, siku zake zikaja kwa wakati. Ukapita mwingine. Hofu ile ya kila mwezi ilimtoka kidogo kidogo, akaanza kula, akaanza hata kuimba akiwa jikoni, kitu ambacho watoto walikuwa wamekisahau.

Reveriani hakukosa kukiona kile kibandiko. Usiku wa kwanza alipokigusa aliuliza ni nini, na Benigna, aliyekuwa amejiandaa, alimwambia ni plasta ya mgongo, amepewa na Flavia, mgongo unamuuma kwa ajili ya kubeba maji ya kitalu.

Reveriani aliamini. Kesho yake alichukua ndoo zote mbili mwenyewe. Tangu siku hiyo hakumruhusu mkewe kubeba maji kutoka bondeni, wala kuni, wala fito za kutundikia majani. Wanaume wenzake walimtania, yeye akawajibu kwamba mke wake ana mgongo. Jioni akitoka shambani alikuwa akimwambia alale kifudifudi, amkande kwa maji ya moto, na alikuwa mwangalifu kuzungushia vidole vyake pembeni ya ile plasta ili asiiharibu. Benigna alilala pale na uso wake kwenye mkeka. Mara nyingi alitaka kugeuka amwambie. Aliyatafuta maneno ya kuanzia, hakuyapata, na kadiri alivyokandwa ndivyo uongo ulivyozidi kuwa mzito kuutoa.

Maboksi yalikwisha mvua zikiwa zimeshika. Alimwambia Reveriani anakwenda mjini kutafuta dawa ya mgongo, na mumewe akamsindikiza hadi kwenye gari, akamwekea koti la mvua kwenye mfuko.

Tabora alifikia kwa binamu yake Egidi, aliyekuwa amepanga vyumba mtaa wa Kitete. Asubuhi alikunja lile boksi tupu akalitia kwenye pochi, akaanza kuzunguka. Duka la dawa la kwanza, kijana alilisoma boksi pande zote akasema hajawahi kuletewa kitu hiki. La pili wakampa plasta ya maumivu ya misuli. La tatu, mwenye duka alimwambia kwa upole kwamba dawa kama hii hata ingekuwepo asingempa bila cheti cha daktari. Benigna akaona hapo amepata mwanga. Alichohitaji ni mtu wa kumwandikia.

Alielekezwa kliniki moja ndogo mjini yenye huduma za akina mama. Alikaa kwenye benchi na wanawake wengine, baadhi na watoto wachanga, na zamu yake ilipofika aliingia kwa nesi mmoja mtu mzima aliyeitwa Levina. Alimwamkia shikamoo, naye akamwitikia marahaba, akamkaribisha kiti, na hakuonyesha haraka. Benigna alitoa boksi akaliweka mezani. Alisema anataka aandikiwe hivi.

Levina alivaa miwani akalisoma. Alimwambia kwamba anaifahamu dawa hii kwa kuisoma tu, kliniki kwake haipo, na yeye hamjui mtu wa Tabora anayeitoa. Kisha akaanza kumuuliza: amezaa mara ngapi, uzazi wa mwisho ulikuwaje, anaumwa kichwa. Benigna akasema kichwa ndiyo, kinamuuma sana siku hizi, hasa kisogoni, lakini ni moshi wa bani. Levina akamfunga mpira wa mashine mkononi. Alipima, akasubiri, akapima mkono wa pili. Kisha akaikunja mashine taratibu.

"Mama, presha yako iko juu," alisema. "Hiki kibandiko hata kingekuwa kimejaa kabati langu, nisingekupa. Mtu mwenye presha kama yako kinaweza kumgandisha damu, akapata kiharusi. Aliyekupa hakukupima?"

Benigna alisema alipimwa. Ulikuwa uongo wa pili juu ya presha, kwa mtu wa pili, na ulitoka kirahisi kuliko wa kwanza.

Levina hakumbishia. Alimweleza kwamba zipo njia nyingine ambazo presha haizizuii. Alitoa kitanzi halisi kwenye droo, akakiweka kiganjani mwa Benigna akione kilivyo kidogo, akamwambia hakina dawa za homoni na hakipandi popote. Alimwonyesha na kijiti. Alisema anaweza kumwekea kimojawapo leo leo, na dawa ya presha wakaanza nayo hapo hapo. Benigna alikirudisha kitanzi mezani kwa ncha za vidole. Akasema mume wake hawezi kukubali.

"Umemuuliza?"

Benigna alitazama dirishani. Akasema anamjua.

"Basi mlete niongee naye," Levina akasema. "Au usimlete, mwili ni wako. Ila usitoke hapa mikono mitupu."

Kwa muda mrefu baadaye Benigna alikuwa akikirudia chumba kile kichwani: kiti cha plastiki, sauti ya mtoto akilia nje, mkono wa yule mama juu ya meza ukingoja. Alikuwa amefika mahali alipokuwa anapatafuta, kwa mtu aliyejua, mwenye nafasi na moyo wa kumsaidia. Lakini alikuwa ameshaamua kwamba kinachomfaa ni kile kimoja tu alichopewa na dada yake, na jambo jingine lolote aliliona kama kufukuzwa. Alisema atarudi kesho. Alichukua vidonge vya presha alivyopewa, akatoka, na hakurudi.

Siku ile ile jioni, jirani na stendi, aliingia kwenye kiduka cha dawa alichokuwa amekipita asubuhi. Mwenye duka, mtu aliyejiita Damas, hakumuuliza cheti wala kumpima. Alilitazama boksi akasema vitu hivi anaweza kuviagiza kutoka Dar, na vitakuja na basi. Benigna alimpa namba ya Egidi. Vilipofika, Egidi alivichukua akamtumia kijijini; havikuwa na boksi. Vilikuwa kwenye vipakiti vyeupe visivyo na maandishi, na Damas alimwambia kwa simu kwamba ni vile vile, tofauti ni kampuni tu.

Vilinukia karafuu kidogo. Vile vya Flavia havikuwa na harufu. Benigna aliliona hilo tangu siku ya kwanza na akajiambia kwamba ni kampuni tofauti.

Viliposhindwa kufanya kazi ambayo havikuwa vimetengenezwa kuifanya, alijua. Aliijua mimba hata kabla ya kukosa siku zake, kwa ladha ya shaba mdomoni aliyoipata kwa watoto wote watano. Alikibandua kibandiko akakitupa chooni. Hakumwambia mtu. Alikuwa na aibu ya kumrudia Levina, na alikuwa na aibu ya zahanati ya kijijini. Aliona kwamba akienda mahali popote ataulizwa swali moja litakalovuta mengine yote. Vidonge vya presha vilikuwa vimekwisha siku nyingi. Flavia alipopiga simu kuuliza kama amepata daktari, alimjibu ndiyo.

Reveriani aliligundua tumbo lilipokuwa haliwezi tena kufichwa kwa khanga. Walikuwa wanasafisha mashimo ya kitalu kipya. Aliacha jembe, akamtazama mkewe kwa muda, akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli. Benigna alisema ni kweli. Alitegemea kumwona akifurahi, kwa sababu hivyo ndivyo alivyokuwa amemchora kichwani, mtu wa watoto ni wa Mungu. Reveriani hakufurahi. Uso wake ulipauka. Alikaa kwenye tuta la udongo na mikono yake magotini, akasema waende kliniki kesho yake. Benigna akasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa na kazi ya mbegu, na iliyofuata miguu ilikuwa imevimba kiasi kwamba hakutaka watu waione njiani. Reveriani alimsihi, lakini alikuwa mtu wa kusihi mara moja na kungoja. Hata hilo alikuja kujilaumu nalo.

Ilitokea kitaluni, asubuhi yenye jua. Benigna alikuwa ameinama akifunika miche kwa nyasi. Aliona cheche nyeupe mbele ya macho, akajaribu kuinuka ili amwite mumewe aliyekuwa anapanda na ndoo kutoka bondeni, na hayo ndiyo ya mwisho aliyoyakumbuka. Reveriani alimkuta chini, mwili umekakamaa na kutikisika, povu mdomoni. Alimbeba mwenyewe hadi barabarani. Mwenye gari la mizigo aliyekuwa amepakia mahindi aliyashusha magunia kando ya njia akawachukua. Kituo cha afya walimpa dawa ya kutuliza degedege, wakasema ni kifafa cha mimba, apelekwe mjini upesi.

Mjini walimpasua. Mtoto alikuwa wa kike, na alikuwa ameshafariki kabla ya kutolewa.

Benigna alizinduka baada ya siku kadhaa. Jicho la kushoto lilikuwa linaona ukungu, na halijarudi sawa hadi leo. Reveriani alikuwa amekaa kando ya kitanda na shati lile lile la kitaluni, udongo umekaukia mikononi. Alimwambia habari za mtoto kabla hajauliza. Alisema alimpeleka nyumbani akamzika karibu na bibi yake, kisha akarudi. Alimpa jina, Anonsiata, ingawa padri hakumwambia afanye hivyo wala asifanye.

Kisha Benigna, labda kwa sababu hakuwa na nguvu tena ya kubeba kitu chochote, akamweleza. Alianza na plasta. Alimwambia haikuwa ya mgongo, mgongo haukuwahi kumuuma. Akamwambia ya Flavia, ya yule nesi na kitanzi, ya vipakiti vyeupe. Alizungumza akitazama dari. Aliposema yote alingoja hasira, na alikuwa anaihitaji hasira hiyo, kwa sababu ingeonyesha kwamba alikuwa na haki ya kuogopa.

"Ungeniambia, Mama Justus," Reveriani alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Ulisema mbele ya jumuiya watoto ni wa Mungu."

"Nilisema mbele ya watu. Watu wote walikuwa wananitazama mimi." Alifuta mikono yake kwenye suruali. "Ulipotoka damu kwa Eliya, yule mganga aliniita nje. Aliniambia mimi kwanza kabla hajakwambia wewe. Sijalala vizuri tangu siku ile. Nilikwenda zahanati nikamuuliza nesi tufanye nini. Akasema njoo na mama. Nikarudi nyumbani nikashindwa kuanza. Nilisema moyoni, akitaka jambo hilo ataniambia mwenyewe."

Benigna aligeuza kichwa akamtazama kwa jicho lililobaki zima. Alikuwa ameishi na mtu huyu tangu akiwa msichana. Alijua anavyopenda uji wake, alijua kikohozi chake kutoka upande wa pili wa shamba, na hilo hakulijua. Walikuwa wamelala kitanda kimoja na hofu moja, kila mmoja akiificha kwa mwenzake. Hakulia wakati ule. Kilio kilikuja usiku, na jirani wa kitanda cha pili akadhani ni kidonda.

Kabla ya kuruhusiwa, waliitwa wote wawili kuongea na daktari kuhusu uzazi wa mpango. Reveriani aliuliza maswali mengi kuliko mkewe. Aliuliza kuhusu kijiti, kuhusu presha, akauliza hata kama upo upasuaji wa mwanamume, na daktari akamwambia upo. Mwishowe walikubaliana na kijiti, kwa sababu kingewekwa siku hiyo hiyo. Kazi yenyewe ilikuwa ya muda mfupi tu. Sindano ndogo ya ganzi, mkato mdogo, bandeji. Reveriani alisimama upande wa pili akiushika mkono ule mwingine. Benigna alitazama ile bandeji nyeupe, na kilichomjaa kifuani hakikuwa faraja. Ilikuwa ni kuona jambo lilivyokuwa dogo.

Walipotoka hospitali aliomba wapite kliniki ya Levina. Hakutaka kitu, alitaka tu kumwona. Walimkuta anafunga dirisha. Levina hakumkumbuka mara moja. Wanawake aliowaona tangu siku ile walikuwa wengi mno. Benigna alimkumbusha habari za lile boksi, akamweleza kwa kifupi yaliyotokea. Yule mama alivua miwani. Alisema alitakiwa kumtafuta, alikuwa na jina la kijiji chake, na kila juma alisema atapiga simu zahanati ya huko, kisha kazi zikamzidi. Benigna akamwambia kosa si lake. Levina akajibu kwamba hata kama si lake, alitamani angepiga. Waliagana hapo mlangoni kwa kushikana mikono.

Kwa Damas hawakwenda. Reveriani alitaka kwenda, lakini walipouliza stendi waliambiwa kiduka kimefungwa, mwenyewe amehama, wengine wakasema Nzega, wengine Kahama. Waliripoti kwa ofisi ya serikali inayosimamia dawa, wakaandikiwa maelezo yao, na mpaka leo hawajasikia kitu.

Kumwambia Flavia ndiko kulikokuwa kugumu kuliko yote. Benigna alipiga simu akiwa amekaa nyuma ya bani. Flavia alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza, kisha akauliza swali moja tu, kama ile presha kweli alipima siku ile. Benigna akasema hakupima. Upande wa pili lilisikika gari likipita huko aliko. Flavia akaanza kusema kwamba yeye ndiye mkosaji, dawa iliyoandikiwa mtu mmoja haigawiwi kama sukari, na kazi yake yenyewe ni kutunza wazee na dawa zao, alipaswa kujua. Benigna alimkatalia. Walibishana hivyo, kila mmoja akimnyang'anya mwenzake lawama, hadi salio likakatika.

Miaka mitatu imepita. Benigna bado analima, ingawa tumbaku wamepunguza, wameongeza alizeti. Anakunywa dawa ya presha kila asubuhi. Watu wa afya walimwomba awe anasimulia habari yake kwenye mikutano ya akina mama, akajaribu mara moja, sauti ikakwama katikati, akakaa. Hakujaribu tena. Lakini binti wa jirani akija jikoni kwake na swali, hufunga mlango na kumweleza, na kila mara humuuliza kwanza kama amezungumza na mwenzake. Wengine husema wamezungumza. Yeye husikia kwenye sauti kwamba si kweli.

Reveriani siku hizi anaongea. Imekuwa kama amefunguliwa. Anamuuliza mkewe juu ya mbegu, juu ya ada, juu ya neno alilosema padri. Wakati mwingine wanazungumza hadi watoto wanawacheka. Majirani wanaona ni furaha ya ndoa iliyokomaa, na kwa upande fulani ndiyo. Kwa Benigna kila mazungumzo hayo yana uchungu ndani yake, kwa sababu anaona jinsi yalivyo mepesi.

Jumapili moja mwezi uliopita walikuwa wanatoka misa, Reveriani akikokota baiskeli ili watembee pamoja. Alikuwa anaeleza habari za bei ya alizeti, na mbele yao alikuwa anatembea mtoto wa kike wa mtu, amevaa gauni la njano, anarukaruka juu ya madimbwi. Benigna aliacha kuitikia. Reveriani akauliza kuna nini.

"Hakuna," alisema. Kisha, baada ya hatua chache, akasema, "Nimemkumbuka Anonsiata."

Reveriani aliisimamisha baiskeli.

"Ego," alisema, kwa lugha ya kwao. Ndiyo. "Mimi nilimkumbuka tangu kanisani. Nikaogopa kukwambia."

Walisimama pale kando ya njia, watu wakiwapita na kuwaamkia, hadi yule mtoto wa gauni la njano alipokata kona.